Wapiga Buruji Wawili

Jumatatu, 16 Februari

Leo nimejiandikisha somo la mwisho. Takwimu. Miaka sita nimelizunguka somo hili, nikichukua mengine yote yanayofundishwa Jumamosi na Jumapili, nikijidanganya kwamba iko siku chuo kitalihamishia mwisho wa wiki. Hakijalihamisha. Takwimu hufundishwa Jumatatu na Alhamisi, saa kumi na moja jioni hadi saa moja, muhula wa mvua tu, na anayelikosa husubiri mwaka mzima. Nikilipita, mimi ni mwalimu mwenye shahada. Nisipolipita, mimi ni koplo mwenye makaratasi mengi chini ya kitanda.

Na saa kumi na mbili kamili jioni, kila siku ya Mungu, bendera ya kambi inashushwa, na anayeipigia buruji ni mimi. Hakuna mwingine. Kambi nzima ya watu wenye vifua vipana kunizidi, na hakuna hata mmoja anayeweza kutoa kitu kwenye ile pembe ya shaba isipokuwa sauti ya mbuzi aliyebanwa na mlango.

Karani wa chuo aliniuliza, "Jioni utaweza, Afande?" Nikasema bila shaka. Nimedanganya mchana kweupe, tena nikiwa na kombati iliyopigwa pasi.

Alhamisi, 19 Februari

Nimemwendea Sajini Meja. Huyu ni mtu ambaye hata akipiga chafya watu wanakaa mguu sawa. Nilieleza yote, yeye akawa anakata kucha, ukucha mmoja baada ya mwingine, bila kuninyanyulia jicho.

"Kwa hiyo bendera ishuke kimya kimya, kama shuka lililokauka kambani?"

"Hapana, afande."

"Au tuweke spika na wimbo wa kwenye simu, kama harusini?"

"Hapana, afande. Nitamfundisha mtu."

"Nani?"

Sikuwa na mtu. Nikamtaja wa kwanza aliyenijia kichwani, kwa sababu asubuhi ile alikuwa amenimaliza masikio: Kinyozi wa kambi.

Sajini Meja aliweka kikata kucha chini. "Huyo midomo anayo," alisema. "Akipiga sawasawa nikamsikia mwenyewe, nenda shule yako. Akikosea mbele ya bendera hata mara moja, ruhusa imekufa, na usije hapa kunililia."

Najua anachotaka. Anataka nishindwe mapema, arudi kwenye kucha zake.

Ijumaa, 20 Februari

Kinyozi ni askari asiye na cheo. Ana kibanda chenye kioo kimoja na kiti kimoja, na ukikaa kwenye kile kiti utasikia habari za shemeji yake, za bei ya nyembe, za ndoto aliyoota juzi, mpaka kichwa kinyolewe na usingizi ukupate. Nilipomwambia, mashine ilimponyoka.

"Mimi, dada? Buruji? Mimi nakata nywele."

"Utakata nywele mchana. Jioni ya Jumatatu na Alhamisi utapiga buruji."

"Na nikikosea?"

"Usikosee."

Alifikiri kidogo. Kisha akaniuliza kama mpiga buruji anaruhusiwa kuvaa ule mkanda mweupe. Nikasema ndiyo. Akasema basi.

Jumamosi, 21 Februari

Somo la kwanza, nyuma ya stoo ya matairi ambako hakuna anayepita. Buruji haina vitufe wala matundu ya kuziba. Sauti zote zinatoka mdomoni, kwa kukaza na kulegeza. Nilimwonyesha. Akavimbisha mashavu, akapuliza, jicho likamtoka. Ikatoka hewa tupu.

"Usivimbishe mashavu. Unapuliza buruji, hupulizi moto wa kuni."

Akavimbisha tena.

Ijumaa, 27 Februari

Sauti moja. Ya mbuzi, lakini moja.

Jumanne, 3 Machi

Balaa. Kinyozi amejifunza wito mfupi wa chakula, kwa sababu ni rahisi na kwa sababu anaupenda kutoka moyoni. Nilimwacha na buruji nyuma ya stoo nikaenda kumwita fundi wa maji. Saa kumi na nusu alasiri, kwa furaha ya kuupata, akaupiga wote, tena kwa nguvu. Kambi haina mazoea ya kuuliza. Kombania nzima ilitoka na sahani, ikapanga foleni mbele ya mesi, na mpishi akatoka na mwiko mkononi akifoka kwamba maharage bado mawe.

Sajini Meja alikuja mwenyewe nyuma ya stoo. Alitukuta tumesimama, Kinyozi ameificha buruji mgongoni kama mtoto aliyeiba sukari.

"Nani amewalisha watu wangu?"

"Mimi, afande," alisema Kinyozi.

Sajini Meja alimtazama kuanzia viatu hadi kichwani. "Angalau umesikika," alisema, akaondoka. Alitupa fatiki, adhabu ya kuosha masufuria wiki nzima, wote wawili. Kinyozi aliongea mwanzo hadi mwisho wa masufuria.

Jumapili, 8 Machi

Mama amepiga simu. Aliniuliza kama ninakula, kama kuna baridi, kama kuna mtu. Nikasema nakula, baridi ipo, mtu hayupo. Akasema, "Na hiyo shule haiishi tu, mwanangu?" Nikamwambia limebaki somo moja. Akasema hivyo hivyo nilimwambia mwaka jana. Ni kweli nilimwambia.

Jumatatu, 9 Machi

Mvua imeanza, na masomo yameanza. Nimepiga buruji ya bendera huku maji yakiingia kwenye kola. Ng'ambo ya kilima, darasani, walikuwa wameshaanza bila mimi.

Alhamisi, 12 Machi

Nimekosa tena. Ukikosa vipindi sita hufanyi mtihani. Nimekosa viwili.

Jumatatu, 16 Machi

Vitatu. Kinyozi anaupata wimbo wa bendera wote isipokuwa ile sauti ya juu karibu na mwisho. Akifika pale midomo inamkimbia. Nimemfokea leo mpaka nikajisikia vibaya. Aliondoka bila kusema neno, na Kinyozi kuondoka bila neno si jambo la kawaida.

Jumanne, 17 Machi

Nimekwenda kwake kuomba radhi. Anakaa kwenye nyumba za wenye familia, karibu na uzio. Mkewe ana mtoto wa miezi minne, na ulimi wake ni pacha wa ulimi wa mume.

"Wifi, umenifanyia nini mume wangu?" aliniuliza. "Usiku analala amekaza midomo. Nikimpa busu ni kama nambusu jiwe."

Nilicheka mpaka machozi. Nilikaa kwao saa nzima, nikampakata mtoto. Niliporudi kwangu, chumba kilionekana kirefu kuliko nilivyokiacha.

Ijumaa, 20 Machi

Ameipata! Mara tatu mfululizo. Siri ilikuwa kumwambia asiifikirie ile sauti, afikirie anayemsikiliza, mtu mmoja tu, aliye mbali. Sijui neno hilo nimelitoa wapi. Mimi mwenyewe sikufundishwa hivyo, nilifundishwa kwa makofi ya kisogoni.

Jana nilikosa kipindi cha nne. Sajini Meja amemsikiliza leo asubuhi, amekunja mikono. "Jumatatu," alisema. Basi.

Jumatatu, 23 Machi

Nilifika darasani nimelowa hadi soksi, viatu vya jeshi vikiacha tope kila nilipokanyaga. Wanafunzi walinyamaza. Nilikaa nyuma. Wote wana umri wa kuwa wadogo zangu wa mwisho. Mhadhiri, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini, alinitazama, akaendelea na ubao.

Saa kumi na mbili kamili nikaisikia. Ilikuja juu ya kilima, imechujwa na mvua, lakini ilikuwa yenyewe. Miguu haikuniomba ruhusa. Nilijikuta nimesimama mguu sawa katikati ya darasa, mikono ubavuni, kidevu juu. Walicheka, na sikuweza kukaa. Nilikuwa naisubiri ile sauti ya juu.

"Una swali, Afande?" aliuliza Mhadhiri.

Nilikaza macho dirishani. Ikapanda. Ikakaa palepale inapotakiwa kukaa. Wimbo ukaisha, nikakaa, nikasema hapana, sina swali.

Nilirudi kambini saa mbili, mesi imefungwa. Nilikula biskuti kitandani. Nilitaka kumwambia mtu kwamba ile sauti ilipanda, lakini taa za nyumba za wenye familia zilikuwa zimezimwa.

Alhamisi, 26 Machi

Safari hii nilishika ukingo wa dawati kwa mikono miwili, sikusimama. Visigino tu ndivyo vilivyogongana chini ya dawati.

Jumatatu, 30 Machi

Darasani wananiita Afande, kwa utani usio na ubaya mwingi. Kambini wananiita Profesa, kwa utani wenye ubaya kiasi. Nikikaa mesi, koplo wenzangu wanasema, "Tupunguze sauti, Profesa anakokotoa." Nikikaa kantini ya chuo, wanaacha nafasi ya kiti kimoja kila upande, kana kwamba nitawakagua kucha.

Alhamisi, 2 Aprili

Mvua. Mvua. Nimeelewa wastani. Mchepuko wa namba kutoka kwenye wastani bado.

Alhamisi, 9 Aprili

Watu wameanza kumsifia Kinyozi. Leo mlinzi wa lango aliniambia, kwa nia njema kabisa, "Jamaa anapiga vizuri siku hizi, eh? Utadhani amezaliwa nayo." Nikasema ndiyo. Moyoni niliwaka. Mimi nimeipigia kambi hii miaka tisa, kwenye jua, kwenye homa, na siku ile ya msiba wa baba, na hakuna aliyewahi kuniambia ninapiga vizuri. Walisikia tu kwamba ni saa kumi na mbili.

Ni wivu, na ninauandika hapa kwa sababu hakuna pengine pa kuuweka.

Jumatatu, 13 Aprili

Jaribio. Nimepata alama ambayo sitaiandika.

Alhamisi, 16 Aprili

Msichana mmoja wa darasani, mwenye miwani mikubwa inayomteleza puani, alikuja kukaa kwenye kiti cha pembeni yangu. Sikumwita. Alifungua daftari langu bila kuomba, akalitazama, akasema, "Afande, wewe unajua kukokotoa. Tatizo lako unakubali kila namba unayopewa. Jiulize kwanza kama namba yenyewe ina akili."

Nikamwambia tulikotoka mimi na yeye ni tofauti, kwetu namba ikitoka juu huiulizi. Akacheka. Nikamwambia sikuwa natania, akacheka zaidi, na mimi nikajikuta nacheka.

Tulifanya maswali hadi mlinzi wa chuo akazima taa za ukumbi.

Jumatatu, 27 Aprili

Binti wa Miwani ameniwekea kiti. Aliweka mkoba wake juu yake, na mtu alipotaka kukaa akamwambia kina mwenyewe. Nimelifikiria jambo hilo njia nzima ya kurudi.

Jumatatu, 4 Mei

Jaribio la pili: sabini na nane! Nilikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha Kinyozi, alikuwa katikati ya kichwa cha mtu. Akamwacha yule mtu na nywele nusu, akanishika mikono, akacheza. Yule mtu alikuwa Sajini Meja. Alitutazama kwenye kioo, nusu ya kichwa kiking'aa, akasema, "Mkimaliza harusi yenu mniambie." Lakini hakukasirika. Nimeanza kushuku kwamba huyu mzee hukasirika kidogo kuliko anavyotangaza.

Mtihani ni tarehe 4 Juni, Alhamisi, saa kumi na moja jioni.

Jumatatu, 11 Mei

Nimeitwa ofisini saa nne asubuhi. Uhamisho.

Kuna kambi mpya mpakani, safari ya siku mbili kwa lori barabara ikiwa kavu. Haina mpiga buruji. Makao makuu yamepitia taarifa za kambi zote na kuona kambi yetu inao wawili. Kambi moja haihitaji wawili. Aondoke mmoja, mwenye cheo na cheti cha kazi hiyo, yaani mimi. Niripoti kabla ya mwisho wa mwezi.

Nilisimama pale nikisikia maneno yanapita. Miaka tisa nimekaa kambi hii, karibu na chuo hiki, nikidhani ni bahati, au wamenisahau. Sasa ndiyo naona nilikaa kwa sababu nilikuwa peke yangu. Hawakuweza kunitoa. Halafu nikaenda nyuma ya stoo ya matairi, na kwa mdomo wangu mwenyewe nikamtengeneza mtu wa kunitoa.

Nilimwomba Mkuu wa Kambi aniache hadi tarehe tano Juni. Ni mtu mpole, alisikiliza hadi mwisho. "Amri ina tarehe, Koplo," alisema. Nikaomba niende, kisha nirudi kwa mtihani. Anayeripoti kambi mpya hapewi ruhusa kabla ya miezi mitatu. Nilijua, nilikuwa nauliza tu.

Jumanne, 12 Mei

Nimekwenda chuo mchana. Karani anasema asiyefika mtihani wa mwisho anarudia somo lote, muhula wa mvua, darasani. "Vipindi pia?" Vipindi pia. Alinihurumia kwa kweli, alitoka nyuma ya dirisha lake akanisindikiza hadi mlangoni.

Jumatano, 13 Mei

Sikuandika. Yaani nimekaa na kalamu.

Alhamisi, 14 Mei

Sajini Meja alinikuta nang'arisha buruji. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, jambo ambalo sijawahi kuona akilifanya.

"Ile taarifa niliiandika mimi," alisema.

Nilisimamisha kitambaa.

"Kila mwezi, kwenye mstari wa wapiga buruji, naandika mmoja. Miaka yote mmoja. Safari hii nikaandika wawili. Nilijivuna, Koplo. Nilitaka waone kambi yangu imefundisha mtu bila kupelekwa kozi." Alijikuna kisogo. "Sikufikiria mbele."

Sijui uso wangu ulisema nini. Aliinuka, akasimama kando yangu, akitazama uwanja wa gwaride. "Mkuu anataka kumsikia Kinyozi mwenyewe, Ijumaa ya wiki ijayo, mbele ya kambi nzima. Ahakikishe anaweza kuishika kazi peke yake. Asipoweza, kambi ina mpiga buruji mmoja, na mmoja hatoki." Kisha kwa ile sauti yake ya siku zote: "Buruji imeshang'aa. Usiitoboe."

Miezi mitatu nimemwita moyoni majina ambayo mama hangependa kuyasikia. Na huyu mzee alikuja kukaa kwenye ndoo kunifungulia mlango.

Jumamosi, 16 Mei

Nilizunguka kibanda cha Kinyozi mara mbili bila kuingia. Ningesema nini? Jiaibishe, kaka, mbele ya kambi nzima na mbele ya bendera, ili mimi nifanye mtihani? Atakaa rumande siku kadhaa, hilo ni hakika. Na ule mkanda mweupe atauvua.

Nilipoingia, hakukuwa na mteja. Hakuniacha nifungue mdomo.

"Nimesikia, dada. Usiseme. Ijumaa nitaanguka kwenye ile sauti ya juu. Nitaipiga kama siku ya kwanza, mbuzi mtupu. Acha kwangu."

"Watakuweka ndani."

"Nitapumzika kunyoa."

Nilipaswa kukataa. Nilisimama mbele ya kile kioo nikajiona nikishindwa kukataa. Nikasema, "Ahsante, kaka." Ndivyo nilivyosema.

Jumatatu, 18 Mei

Darasani. Mhadhiri amerudia sura nzima ya mwisho. Binti wa Miwani anasema nitapata zaidi ya themanini. Sikumwambia kitu. Saa kumi na mbili Kinyozi alipiga, na ilikuwa nzuri kuliko siku zote, na mimi nikaombea Ijumaa iwe mbaya.

Alhamisi, 21 Mei

Mvua kutwa.

Ijumaa, 22 Mei

Mvua ilikatika alasiri, ghafla, uwanja ukabaki unafuka mvuke. Kambi nzima ilipangwa. Kwenye uzio, wake na watoto wa nyumba za familia walikuja kutazama, kwa kuwa habari ilikuwa imeenea. Mke wa Kinyozi alikuwa mbele, mtoto mgongoni, na alivaa vizuri.

Mkuu wa Kambi alitokea. Nilikuwa mstari wa pili, ninamwona Kinyozi kwa ubavu. Mkanda mweupe, viatu vinang'aa. Aliinua buruji. Nikaona shingo yake ikikaza, hakuvimbisha mashavu, na nikajua kabla ya sauti kutoka.

Alianza polepole. Kila sauti ilikuja imekamilika, ikasubiri kidogo, ikaipisha nyingine. Watu walinyamaza, hata watoto kwenye uzio. Bendera ikaanza kushuka. Akakaribia pale. Nilijiambia sasa, kaka, anguka sasa. Na ile sauti ikapanda, ikanyooka, ikasimama juu ya kambi muda mrefu kuliko ninavyoweza mimi. Mimi sijawahi kuishika hivyo. Nasema kweli, sijawahi.

Machozi yalinitoka nikiwa mguu sawa, na mtu akiwa mguu sawa hajifuti. Sikujua nalia kwa lipi. Alikuwa ameniuza mbele ya watu wote, na alikuwa amepiga kama nilivyomfundisha.

Mkuu wa Kambi alimshika mkono. Sajini Meja alikuwa anatazama chini.

Jumapili, 24 Mei

Siku mbili sijamfungulia Kinyozi mlango. Leo hakuondoka. Alikaa nje, kwenye kizingiti, nikasikia mgongo wake ukiegemea mbao.

"Dada, nilikuwa nimepanga kuanguka. Haki ya Mungu. Nilipofika ikapanda yenyewe."

"Buruji haijipigi," nilisema kutoka ndani.

"Ni kweli. Niliipandisha mimi." Kisha akasema, "Walinyamaza, dada. Mimi nikiongea watu wanasinzia kwenye kiti. Mke wangu huwa ananiambia nyamaza hata sijaanza. Juzi wote walinyamaza wakanisikiliza mimi. Nikashindwa kuuharibu ule wimbo."

Nilikuwa na maneno makali, nimeyanoa siku mbili. Nilifungua mlango niyatoe. Alikuwa amevaa fulana ya kawaida, macho mekundu, anaonekana mdogo.

"Pumzi yako ya mwisho ilikuwa fupi," nilimwambia. "Vuta mapema, kabla ya sauti ya juu. Sasa hivi unavuta baada."

"Kabla," alisema.

"Kabla."

Alitikisa kichwa kwa kukubali, akaondoka. Bado nina hasira naye. Naandika hivyo ili nisije kujisifu baadaye kwamba nilimsamehe siku hiyo hiyo.

Jumatatu, 25 Mei

Lori limeondoka saa kumi na moja alfajiri. Sajini Meja alikuja kunipakilia begi mwenyewe. Alikaza kamba yake mara mbili, akashuka.

Jumatano, 27 Mei

Kambi mpya. Mabati, udongo mwekundu, upepo. Hapa hakuna mvua, inaonekana haijawahi kuwepo. Wamenipa chumba kando ya stoo ya rangi. Mkuu wa hapa alifurahi sana kuniona. "Sasa tutakuwa kambi kamili," alisema.

Jumamosi, 30 Mei

Hakuna anayenijua hapa hata kwa jina la utani.

Jumanne, 2 Juni

Mtandao unapatikana ukipanda juu ya tangi la maji. Nimempigia mama. Akauliza mtihani lini. Nikasema Alhamisi. Akasema ataniombea. Nikashuka.

Alhamisi, 4 Juni

Saa kumi na moja nilikuwa nimekaa kitandani, nimeshavaa. Nilijua wanagawiwa karatasi. Nilijua Binti wa Miwani anatazama mlango, kisha anatazama kiti. Saa kumi na mbili nikatoka kwenda kupiga buruji. Nilifika kwenye sauti ya juu, midomo ikanitetemeka, ikatoka imepasuka. Miaka tisa haijanitokea. Nilisubiri mtu aniite, anifokee. Bendera ilishuka, watu wakatawanyika kwenda kula. Hawajui inavyotakiwa kuwa.

Jumapili, 7 Juni

Nilipanda kwenye tangi asubuhi nikakuta ujumbe. Binti wa Miwani amenitumia picha ya karatasi ya mtihani, kurasa zote tatu, na maneno machache: "Afande, ulikuwa wapi? Ulikuwa unayaweza haya yote."

Sikumjibu kwanza. Nilishuka, nikaomba ufunguo wa stoo ya rangi kwa sababu ndiko kuna meza. Nikasogeza makopo. Nikaweka saa mbele yangu, nikajipa saa tatu, kama walivyopewa wao. Sikufungua daftari. Swali la kwanza nililifanya haraka. La pili lilikuwa la mtego, lina namba isiyo na akili, nikaiona mara moja nikaiacha. La nne lilinitoa jasho. Nje, watu walikuwa wanacheza mpira, na mara mbili uligonga bati la stoo, nikaendelea.

Nimemaliza dakika kumi kabla ya muda. Nimerudia kulikagua la nne, liko sawa. Nikaandika namba yangu ya mwanafunzi juu ya kila karatasi, nikazipanga, nikasimama nizipeleke. Hapakuwa na wa kumpa.